Kipimo cha usugu wa dawa za TB kimeleta majibu ya ajabu, uanzie wapi?

Wenzangu wa maabara, hasa nyie mliohamishiwa chumba cha kuotesha TB hivi karibuni, naandika hii kwa sababu napigiwa sana simu ya aina moja: "kaka, majibu yametoka ya ajabu, niyatoe au nirudie?" na hapo mtu ana tyubu mkononi na daktari wa wodi anamsubiri. Swali langu la kwanza huwa ni lile lile, kontroli yako (tyubu isiyo na dawa) imeota siku ya ngapi? Maana jibu la ajabu mara nyingi sana limezaliwa hapo hapo kwenye benchi yetu, na kwenye benchi mkosaji mkubwa ni inokulamu, ile mbegu ya vimelea tunayopandikiza. Ikiwa nyingi kupita kiasi dawa inashindwa hata kama kimelea hana usugu wowote, ikiwa kidogo kupita kiasi aliye sugu anajificha, na pande zote mbili kuna mgonjwa anaumia.

Ntaongelea zaidi MGIT 960, ile mashine inayootesha TB kwenye tyubu za chakula cha majimaji na kupima ukuaji wake, maana ndo wengi tunaitumia, wa LJ (chakula kigumu cha mayai) mtanivumilia.

Kwanza tukumbushane kipimo kinavyofanya kazi, bila hapo huwezi kutafuta kosa. Seti ina tyubu tano, kontroli, streptomaisini, isoniazidi, rifampisini na ethambutoli, kwa mpangilio huo huo kutoka kushoto. Kila tyubu ina 7 ml za chakula cha vimelea, unaongeza 0.8 ml za supplimenti, unaweka 0.1 ml ya dawa kwenye zile nne, alafu 0.5 ml ya mbegu. Kontroli haina dawa na mbegu yake imezimuliwa mara 100. Hiyo mara 100 ndo roho ya kipimo chote, inatokana na kazi ya Canetti na wenzake miaka ya 1960, kwamba kwa dawa hizi kimelea anahesabiwa sugu kama asilimia 1 au zaidi ya kundi lake linaota kwenye dawa. Kwaiyo mashine inafanya mashindano tu. Kontroli yenye mbegu moja kwa mia ikifika uniti 400 za ukuaji, inaangaliwa tyubu ya dawa imefika wapi, ikiwa 100 au zaidi huyo ni sugu, chini ya 100 dawa inafanya kazi. Na kontroli inatakiwa ifike hapo kati ya siku ya 4 na ya 13. Ukikosea kuzimua, mashindano yote yameharibika na mashine haiwezi kujua.

Na kabla ya yote, usalama. Kurudia kipimo kunamaanisha unafungua tena tyubu iliyojaa TB hai, pengine sugu. Kabineti iwe inavuta, N95 ikukae sawa, ukishavoteksi uiache tyubu itulie dakika 15 mpaka 20 ndo ufungue kifuniko. Usikimbizane na simu ya wodi kwa kuruka hizo dakika.

Dalili: kontroli imewahi kabla ya siku ya 4, mashine inakupa X400, au dawa zote zimesoma sugu

Chukua tyubu uiinue kwenye mwanga uiangalie bila kuitikisa. TB halisi inaota vipunje vipunje vinavyokaa chini, kama unga wa sembe ulioshuka kwenye glasi ya maji, na juu yake maji yanabaki safi. Ukiona tyubu nzima imevurugika sawasawa kama maji ya kuoshea mchele, hao ni bakteria wengine wameingia. Weka tone kwenye blad aga (chakula chenye damu cha kuoteshea bakteria), rudisha kwenye inkubeta ya 37, kesho utaona kama kuna kilichoota, TB haiwezi kuota usiku mmoja kwa sababu inachukua kama saa 18 mpaka 24 kugawanyika mara moja tu. Paka slaidi ya ZN pia (rangi inayoonyesha vimelea wa familia ya TB), ukiona nyuzi zilizosokotana kama kamba hiyo ni dalili nzuri, lakini dalili tu, kwa sababu kuna jamaa wengine wa familia hiyo hiyo wasio TB wanaosoma ZN vizuri tu.

Na hao jamaa ndo mtego mkubwa. Mycobacteria wasio TB, baadhi yao wanaota haraka na wanavumilia dawa zetu nyingi, kwaiyo ukiwapandikiza bila kujua unapata karatasi inayosema isoniazidi sugu, rifampisini sugu, yaani MDR, na mtu anaanzishiwa matibabu ya MDR wakati hana hata TB. Kwaiyo kipimo cha antijeni ya MPT64, kinachotofautisha TB na hao jamaa, kifanyike kwenye kulcha (vimelea waliooteshwa) kabla ya seti ya usugu haijaingia kwenye mashine, na kama mlikiruka kwa sababu kit ziliisha, basi jibu la "sugu kwa kila kitu" lisitoke mpaka kifanyike.

Kama kulcha ni safi na ni TB kweli, basi umezidisha mbegu, na hapa niwasimulie kosa tulilofanya sisi wenyewe. Mashine ilipiga chanya ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi mwenzetu akaitoa tyubu, akaandika tarehe ya jumatatu kwenye daftari, akahesabu hiyo ndo siku ya kwanza akapandikiza moja kwa moja bila kuzimua. Sasa hesabu inaenda hivi: ijumaa ni siku ya 0, jumamosi 1, jumapili 2, jumatatu ni ya 3. Tyubu ya siku ya 1 na 2 inapandikizwa ilivyo, ya siku ya 3 mpaka ya 5 inazimuliwa kwanza, 1 ml kwa 4 ml za maji ya chumvi, na ikipita siku ya 5 unaotesha upya. Yule mgonjwa alisoma sugu kwa isoniazidi, kontroli ikiwa imefika siku ya 4 na masaa kadhaa, yaani imepenya kwenye mstari kwa bahati mbaya na mashine haikupiga kelele. Tukarudia kwa kuzimua, isoniazidi ikasoma inafanya kazi, tukarudia tena, ikawa hivo hivo. Tangu siku hiyo tarehe tunaichukua kwenye printi ya mashine, sio siku mtu aliyoiona tyubu, na kontroli yoyote inayofika siku ya 4 au ya 5 ikiwa na usugu usiotarajiwa naiangalia mara mbili.

Wale mnaopandikiza kutoka kwenye LJ, makosa yenu yanakuwa kwenye mabonge. Koloni za TB zina nta, hazivunjiki kirahisi, ukisaga juu juu bonge moja likaingia kwenye tyubu ya dawa hilo peke yake ni jeshi. Saga na shanga za kioo, acha itulie dakika 20, chukua maji ya juu uweke tyubu nyingine, acha tena dakika 15, ndo ulinganishe na McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa mbegu) na kuzimua moja kwa tano. Na koloni zisiwe zimezeeka zaidi ya wiki mbili tangu zionekane.

Dalili: kontroli haifiki, siku 13 zimeisha, X200

Hii haina maneno mengi. Aidha mbegu ilikuwa kidogo, au kulcha imezeeka vimelea wengi wamekufa, au umesahau supplimenti (bila ile supplimenti TB inasinzia tu), au umezimua kontroli mara mbili. Angalia pia umeme. Mashine ikikaa bila umeme usiku kucha na jenereta haikuwaka, joto linashuka chini ya 37 na ukuaji unachelewa kwa seti zote zilizokuwa ndani. Ukiona X200 tatu nne wiki moja, usimfuate mtu wa benchi, fuata rekodi ya joto. Kimelea mwenyewe pia anaweza kuwa mvivu, baadhi ya vimelea wenye usugu mwingi huota polepole, kwaiyo X200 ya mgonjwa aliyekwisha kutibiwa mara mbili usiitupe, otesha upya, na wakati huo huo peleka kwenye kipimo cha vinasaba.

Dalili: pirazinamidi peke yake ndo imesoma sugu

Hapa nina mengi kwa sababu hapa ndo tunawaonea wagonjwa wengi.

Pirazinamidi ni dawa ya ajabu kidogo, haifanyi kazi ila kwenye mazingira yenye asidi, na yenyewe ni lazima kimelea aibadilishe kwanza kwa kimeng'enya chake, anachokitengeneza kwa jini (jeni, kipande cha vinasaba) la pncA, ndo inakuwa sumu kwake. Kwaiyo tyubu zake ni tofauti, chakula chake kina pH ya 5.9, dawa ni mikrogramu 100 kwa ml, na kontroli inazimuliwa mara 10 badala ya 100 kwa sababu asidi yenyewe inawabana vimelea hata bila dawa. Siku zake pia zimeongezwa, kutoka ya 4 mpaka ya 21.

Sasa ukiweka mbegu nyingi, vimelea wenyewe kwa wingi wao wanapunguza ile asidi, pH inapanda, dawa inalala, wanaota, na mashine inasema sugu. Kimelea hajabadilika chochote, ni mazingira tu yamebadilika ndani ya tyubu. Na anayetumia tyubu za kawaida za kontroli ya mara 100 kwa kusahau anapata kosa la aina nyingine tena.

Kwaiyo pirazinamidi sugu peke yake, isoniazidi na rifampisini zikiwa zinafanya kazi, mi naihesabu ni ya kurudia mpaka ithibitike. Rudia kwa mbegu iliyotulia vizuri, chukua maji ya juu tu, usiguse chini. Ikisoma sugu mara ya pili, jiulize kama ni Mycobacterium bovis, TB ya ng'ombe, maana huyo na chanjo ya BCG iliyotokana naye wana usugu wa pirazinamidi wa kuzaliwa nao. Kwa sisi tunaopokea sampuli kutoka kwa wafugaji hilo swali lina maana kabisa, muulize mgonjwa kama anakunywa maziwa yasiyochemshwa na kama uvimbe wake uko kwenye tezi za shingo, alafu omba kipimo cha kutofautisha spishi. Ikiwa sio bovis, omba wasome jini la pncA.

Dalili: Xpert (kipimo cha haraka cha vinasaba) inasema rifampisini sugu, MGIT inasema inafanya kazi

Hii ndo inayoleta ugomvi kati ya maabara na wodi, na kwa miaka mingi tulikuwa tunasema Xpert imekosea kwa sababu kulcha ndo baba. Hapana. Tulikuwa tunajidanganya.

Xpert inaangalia kipande kifupi cha jini la rpoB, herufi 81 tu, na ndani ya kipande hicho kuna mabadiliko yanayompa kimelea usugu wa wastani, sio ule mkubwa wa wazi. Ndani ya MGIT huyu anaota taratibu, kontroli inafika 400 yeye bado yuko chini ya 100, anaandikwa hana usugu, anarudi kwenye dawa za kawaida na wengine wao matibabu yanashindwa. Ndo maana mwaka 2021 WHO walishusha kiwango cha rifampisini kwenye MGIT kutoka 1.0 mpaka 0.5 mikrogramu kwa ml.

Na hapa kuna kosa ambalo nimelikuta kwenye maabara zaidi ya moja. Kichupa cha dawa kavu ya rifampisini zamani tulikuwa tunakiyeyusha kwa 4 ml za maji masafi, na ukiweka 0.1 kwenye tyubu unapata 1.0. Ili upate 0.5 kwa kichupa kile kile unatakiwa uweke 8 ml. Lakini karatasi iliyobandikwa ukutani bado imeandikwa 4 ml kwa dawa zote, na mgeni anafuata karatasi! Nenda kaangalie yako leo. Kama bado mnatumia 4 ml kwa rifampisini, basi kuna watu mmeshawapa majibu ya "inafanya kazi" ambayo yanatakiwa yarudiwe.

Kuna upande wa pili pia, Xpert nayo inaweza kusema sugu kwa sababu ya badiliko kwenye jini lisilobadilisha protini, kimelea hana usugu wowote. Utatofautishaje? Usipige kura, soma jini lenyewe, au peleka kulcha maabara ya juu inayoweza kusoma. Sisi ukanda huu tuna bahati maabara ya rufaa ya kimataifa ya TB iko Kampala. Wakati unasubiri, jibu la Xpert la sugu usilifute kwa kalamu yako.

Na kinyume chake, Xpert hana usugu, MGIT sugu? Kwanza hakikisha ni TB na ni safi kama nilivoeleza juu. Alafu kumbuka kuna badiliko linaloitwa I491F lililo nje ya zile herufi 81, Xpert haiwezi kuliona kabisa, na Eswatini walilikuta kwa wagonjwa wengi wa MDR. Uwezekano mwingine ni kwamba mgonjwa ana makundi mawili mwilini, sugu wachache na wasio sugu wengi. MGIT inawaona hata wakiwa asilimia 1, Xpert inahitaji wawe wengi zaidi ya hapo.

Dalili: ethambutoli inasoma sugu leo, kesho inafanya kazi

Usijitese. Kiwango cha kupimia ethambutoli, 5 mikrogramu kwenye MGIT, kiko karibu mno na kiwango ambacho kimelea wa kawaida anauawa, kwaiyo tofauti ndogo ya mbegu inamvusha upande huu au ule. Mwandikie daktari wazi kwamba imesoma tofauti mara mbili, asije akajenga mpango mzima wa matibabu juu ya hiyo dawa.

Dalili: bechi nzima imesoma sugu dawa moja, au bechi nzima hakuna sugu hata mmoja

Hapo acha kimelea, shika dawa. Kila bechi mpya ya dawa na kila wiki ya kazi unatakiwa uwe na H37Rv, yule kimelea wa kumbukumbu ambaye ukoo wake ulitolewa kwa mgonjwa mmoja Marekani mwaka 1905, huyu hana usugu kwa dawa zote tunazopima. Akisoma sugu, dawa imedhoofika. Uliza ilikaa wapi: dawa iliyoyeyushwa inakaa friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, inatolewa mara moja na inayobaki inatupwa, sio kurudishwa. Nimeshaona kichupa kimoja kimeyeyushwa na kugandishwa mara tatu kwa sababu mtu aliona huruma kumwaga dawa ya gharama, na hiyo huruma ikaishia kwa wagonjwa sita kurudiwa.

Lakini H37Rv ana upande asiouona, atakuambia dawa imepungua, hatakuambia dawa imezidi, kwa sababu hata ukiweka mara mbili bado atakufa vizuri. Kwaiyo weka pembeni na kimelea mwingine unayemjua ni sugu, akisoma hana usugu ujue dawa ni kali mno.

Mnaopima unga wenyewe kwa mizani, unga sio dawa tupu. Kama cheti kinasema mikrogramu 850 kwa kila miligramu, basi ukitaka 100 mg za dawa halisi unapima kama 117.6 mg. Rifampisini iyeyushwe kwa kiyeyushi cha DMSO, kwa maji peke yake haiyeyuki vizuri. Na kwenye LJ msishangae rifampisini kuwekwa mikrogramu 40 kwa ml, mayai yanaikamata dawa na moto wa kugandishia unaila, na moto ukizidi au muda ukipita inaliwa zaidi ya ilivyokusudiwa.

Bedakwilini ina tabia yake mbaya, inang'ang'ania kuta za tyubu, kwaiyo inayobaki kwenye maji ni pungufu ya uliyoweka. Tumia aina moja ya tyubu uliyoihakiki na usibadilishe katikati kwa sababu stoo wameleta za bei rahisi. Siku hizi hii sio dawa ya pembeni tena, tangu 2022 iko kwenye ule mpango wa matibabu ya TB sugu wa miezi 6 unaoitwa BPaLM, na kimelea mwenye badiliko la jini la Rv0678 anaweza kuvumilia bedakwilini na klofazimini kwa pamoja.

Dalili: wagonjwa wanne wasiojuana, siku moja, usugu unaofanana kabisa

Fungua daftari la siku sampuli zilipoandaliwa, sio siku ya seti. Kama makohozi yao yaliandaliwa kwa mkupuo mmoja, na mmoja ana slaidi yenye vimelea wengi kweli kweli na wengine watatu slaidi hazina kitu na kulcha zao zimechelewa, basi wa kwanza amewamwagikia wenzake. Chupa moja ya bafa ikigusa mdomo wa kila tyubu inatosha, au sentrifyuji kufunguliwa kabla ya kutulia. Hao watatu waombewe makohozi mapya. Bafa igawiwe kwenye vichupa vidogo, kimoja kwa sampuli moja, na tyubu zifunguliwe moja moja.

Na kama mmoja amesoma rifampisini sugu na ethambutoli inafanya kazi wakati kila kitu kingine kinaonyesha kinyume, toa seti uangalie mpangilio wa tyubu kwenye kishikio. R na E zinakaa jirani, zikipishana mashine inasoma nafasi, haisomi nia yako.

Sasa ile simu ya wodi. Usiseme "bado" ukakata. Mwambie daktari kwa jina la dawa: "isoniazidi inafanya kazi, rifampisini imesoma sugu lakini kontroli yangu iliwahi, naomba usibadilishe matibabu kwa hili jibu peke yake, Xpert yake ilisema nini?" alafu mpe tarehe utakayokuwa na jibu la marudio, uiandike na kwenye daftari lako, na siku hiyo ikifika umpigie hata kama seti bado haijaiva.